Nyumba Rehani, Mahindi Ghalani

Kuanzia Juni hadi Agosti malori huingia Laela, Matai na Kaengesa mkoani Rukwa kubeba mahindi, na mwenye fedha taslimu ndiye anayepanga bei ya gunia. Mfanyabiashara wa Sumbawanga mwenye mfuko mwepesi ana njia moja ya haraka: nyumba yake ya mjini. Anaiweka rehani kwa miezi sita, ananunua mavuno yakiwa mengi, anahifadhi, kisha anauza Januari vihenge vya wakulima vikiwa vimepungua.

Makaratasi ya rehani yamekuwa mepesi kuliko zamani. Kabla Wizara ya Ardhi haijafungua ofisi za ardhi za mikoa mwaka 2020, kusajili rehani ya nyumba ya Sumbawanga kulimaanisha Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Mengine hayajabadilika. Hati inafanyiwa upekuzi, mthamini anaandika thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, na mkopeshaji macho yake yako kwenye hiyo ya pili. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai ridhaa ya mwenza. Hapo ndipo vinapozuka viapo vya "sina mke", ambavyo baadaye huwapa mawakili kazi.

Shamba la kijijini ni habari nyingine. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuwekwa rehani, lakini halmashauri ya kijiji ina neno kuhusu nani atakayelichukua shamba, na benki haipendi dhamana yenye wanunuzi wachache.

Dhamana, hata hivyo, si mahali biashara hii inapokwama. Inakwama kwenye ratiba ya marejesho.

Tuchukue mfano. Mkopo ni shilingi milioni 10, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo ambao Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ("kausha damu" wa mtaani hawaujui ukomo huo). Gunia ni 40,000, kwa hiyo Julai zinanunuliwa gunia 250. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote, rejesho la mwezi ni takriban 2,017,000. Biashara ni hiyo moja, basi rejesho linatoka ghalani: gunia 50 kila mwezi, kwa bei ileile ya kununulia. Rejesho la tano, mwishoni mwa Desemba, linalifagia ghala. Januari, mwezi uliosubiriwa, inamkuta akidaiwa milioni mbili na hana hata debe.

Sasa mkopo uleule ulipwe riba tu kila mwezi, mtaji mwishoni. Kila mwezi zinatoka gunia zisizofika tisa. Januari zimebaki 206, na bei ikivuka kidogo 50,000, deni linakwisha. Bado kuna pango la ghala, magunia na dawa ya dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wamembatiza Scania. Lakini angalau hesabu inakwenda na kalenda ya zao.

Mkopeshaji naye ana sababu ya kung'ang'ania marejesho ya kila mwezi: hataki kugundua Januari kwamba hakuna kitu. Na bei haina ahadi. Juni 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na mikoa ya mpakani kama Rukwa ikabaki na mzigo usio na mnunuzi. Aliyehifadhi ili asubiri bei, akasubiri hasara.

Akishindwa kulipa, nyumba haiendi mnadani kesho yake. Sheria inamtaka mkopeshaji ampe notisi ya siku 60, na wengi huzihesabu siku hizo kama nafasi ya pili ya kuuza. Ila notisi ikitoka mwanzoni mwa Februari inaishia mwanzoni mwa Aprili, wakati mahindi mabichi yameshaingia sokoni na bei ya gunia la mwaka jana inashuka.