Mjumbe au Mbiu? Uhakiki wa Maneno Tunayoyatumia Kuelezea Kalisi Ndani ya Seli Hai

Taaluma ngeni inapobisha hodi katika lugha, jambo la kwanza inaloomba ni majina. La pili, ambalo mara nyingi husahauliwa, ni mifano. Majina huundwa na kamati. Mifano huundwa na walimu mbele ya ubao, nayo ndiyo hubaki vichwani mwa wanafunzi baada ya majina kusahauliwa. Makala haya yanakusudia kuupima mfano mmoja wa namna hiyo, ule usemao kwamba kalisi, ambayo wengine huiandika kalsiamu, ni "mjumbe" ndani ya seli. Na pamoja nao kulipima neno "ishara" jinsi litumiwavyo kwa picha zinazopigwa katika seli zilizo hai. Dai langu ni kwamba mfano wa mjumbe umeazimwa bila kutazamwa vizuri, na kwamba neno ishara limetwishwa mizigo miwili, ambapo mmoja ni haki ya neno dalili.

Swali lililonizindua sikulipata maktabani. Katika shule moja ya sekondari mkoani Singida, ambako wanafunzi wengi hutoka nyumbani na Kinyaturu au Kinyiramba, husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukabidhiwa vitabu vya sayansi vya Kiingereza, nilimsikia mwalimu akieleza jinsi msuli unavyojikunja. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Maelezo, kama ilivyo desturi, yalikuwa ya Kiswahili. Alisema kwamba kalisi ni mjumbe wa pili, anayefikisha habari ndani ya seli. Msichana mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, huyo mjumbe habari ameiweka wapi?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alisema atakwenda kutazama. Mimi nami nilikwenda kutazama, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyotambua kwamba swali lile lilikuwa uhakiki kamili.

Kwa Mswahili mjumbe si neno tupu. Ni mtu aliyetumwa na mtu kwa mtu, naye ana maneno aliyopewa. Katika vijiji vyetu yuko mjumbe wa nyumba kumi na mjumbe wa serikali ya kijiji. Na methali husema mjumbe hauawi, kwa sababu maneno aliyoyachukua si yake. Basi amwitaye kalisi mjumbe ameahidi mambo matatu: mtumaji, mpokeaji, na ujumbe unaobebwa. Ahadi ya tatu haitimizwi. Kalisi iliyomo ndani ya seli ni atomu iliyopungukiwa elektroni mbili, na kila moja ni sawa na nyingine. Haina pa kuweka habari.

Kinachotokea hasa ni hiki. Seli iliyotulia huitoa kalisi nje kwa bidii, hata kiasi cha kalisi huru kilichomo ndani huwa kama sehemu moja tu ya elfu kumi ya kile kilicho nje. Milango ikifunguliwa, ama ghala za ndani zikifunguliwa, kalisi hufurika kwa muda mfupi kisha huondolewa tena. Tangu mwaka 1883, Sydney Ringer wa London alipoonyesha kwamba moyo wa chura haudumu kupiga bila kalisi katika maji yake, imezidi kujulikana kuwa furiko hilo lina kazi nyingi. Katika msuli huleta kujikunja. Katika tezi huleta kumwaga maji yake. Katika yai lililopenywa na mbegu ya kiume huanzisha kiumbe. Na mwaka 1986 Woods, Cuthbertson na Cobbold walionyesha kwamba seli moja ya ini iguswapo na homoni huinua kalisi kwa mapigo yanayorudiarudia. Homoni ikizidishwa, mapigo hukaribiana zaidi, wala hayawi makubwa zaidi.

Je, ni kitu gani katika maisha yetu kisichobeba neno, lakini kikilia kila mtu hujua la kufanya? Jibu tunalo katika methali: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sauti ya pembe haitaji moto, wala mwizi, wala mkutano. Maana yake hutokana na mahali ilipolia, muda iliodumu, mara ilizorudiwa, na kazi ya yule anayeisikia: mchungaji hukusanya ng'ombe, mama huita watoto, kijana hushika rungu. Msuli, tezi na yai ni wasikiaji watatu wa pembe moja. Lau mwalimu yule angalisema kwamba kalisi ni mbiu, swali la msichana lisingalizuka. Lingalizuka swali bora zaidi, nalo ni hili: msikiaji amejuaje la kufanya?

Sarufi nayo inaunga mkono. Mjumbe yumo katika ngeli ya watu, na kila kitenzi kinachomfuata humtia akili: anafika, anaeleza, anarudi. Mbiu imo katika ngeli ya vitu: inapigwa, inalia, inanyamaza. Mwanafunzi anayejifunza sentensi za namna ya kwanza hujifunza, bila kuambiwa, kwamba ndani ya seli mna viumbe vidogo vyenye nia. Lugha isiyokuwa na ngeli haipati hasara hiyo kwa kiasi hicho. Sisi tunaipata kila tunapofungua kinywa.

Huenda msomaji akasema kwamba mifano yote huchechemea, na kwamba mbiu nayo ina mpigaji. Ni kweli. Lakini mwaka 1983 Streb, Berridge na wenzao walionyesha kwamba iko kemikali ndogo, inayotengenezwa penye utando wa seli, ambayo huzifungua ghala za kalisi zilizo ndani. Hiyo ina pa kutoka, ina pa kwenda, na ina mlango wake maalumu wa kupokelewa. Hiyo yastahili kuitwa mjumbe. Mjumbe afika, mbiu yapigwa, wasikiaji waenda kazini: mfano umekamilika na hakuna aliyedhulumiwa cheo chake.

Msomaji mwingine atasema kwamba neno likizoeleka picha yake hufa. Robert Hooke alipochagua mwaka 1665 neno la vyumba vidogo kuvitaja vijitundu alivyoviona katika kizibo, nani leo akumbukaye vyumba? Sikatai. Neno seli kwetu halimkumbushi mtu vyumba vya Hooke, ingawa humkumbusha mahabusu ya polisi. Lakini mjumbe hajafa. Leo hii angali anapita nyumba kwa nyumba akiita watu mkutanoni. Picha iliyo hai haiwezi kuachwa iseme uongo kwa tumaini kwamba itakufa.

Sasa tuje kwenye neno ishara. Kalisi haionekani kwa jicho, wala darubini peke yake haiwezi kuionyesha. Kinachoonekana ni nuru ya kitu kingine kinachoshikana nayo. Osamu Shimomura alipokuwa akichunguza konyeza, yule mnyama laini wa baharini, alitambua kwamba kalisi ya maji ya bahari ndiyo iliyoamsha mwanga wake. Protini hiyo ya mwanga ikatangazwa mwaka 1962. Mwaka 1985 Roger Tsien na wenzake walitangaza rangi iitwayo fura-2, inayoikamata kalisi kama koleo. Seli humulikwa kwa nuru ya nanomita 340, kisha ya nanomita 380, na mng'ao unaorudi mara hizi mbili hulinganishwa, ili wingi wa rangi usije ukadhaniwa kuwa wingi wa kalisi. Hata hivyo shahidi huyu ana dosari yake: akishika kalisi, ameipunguza ile iliyo huru, na akiwa mwingi mno huibadili kesi anayoitolea ushahidi.

Kwa hiyo yako mambo mawili: lile linalopita ndani ya seli, na ule mng'ao tunaousoma sisi. Maandishi yetu huyaita yote ishara. Lugha yenyewe imekwisha kuyatenga. Twasema "nilimpa ishara anyamaze", wala hatusemi "nilimpa dalili anyamaze". Twasema dalili ya mvua ni mawingu. Na mkulima wa Iramba anayetazama mbinguni kabla ya kupanda alizeti hadhani kwamba wingu limemkusudia yeye. Ishara hutolewa, dalili husomwa. Ishara humhusu anayeipokea. Dalili humhusu anayechunguza, naye aweza kukosea.

Tofauti hii si ya kuchezea. Mwaka 2018 Masatsugu Toyota, Simon Gilroy na wenzao walitoa picha za mmea mdogo, jamaa ya haradali, uliotiwa protini inayong'aa ishikapo kalisi. Kiwavi alipotafuna jani, mng'ao ulianza penye jeraha ukaenea mpaka majani ya mbali kwa muda wa dakika chache. Tukiandika kwamba "mmea ulitoa ishara kwenye kioo", msomaji wa Singida mwenye shamba la alizeti atafahamu kwamba mmea humlilia mtu. Tukiandika kwamba ndani ya mmea mbiu ililia, na kwamba dalili yake ilionekana kwenye kioo, atafahamu kilichotukia, na atajua pia mahali ambapo mchunguzi aweza kudanganyika.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilitupatia majina, na shukrani zetu haziishi. Lakini kamusi ni ghala. Haimpikii mwalimu chakula. Waundaji wa istilahi yawapasa sasa waipime na mifano kama wanavyoyapima majina, na wamwite mwalimu wa darasani katika upimaji huo, maana yeye ndiye anayeulizwa. Mimi napendekeza mbiu kwa kalisi, mjumbe kwa kile kinachokwenda kuzifungua ghala, na dalili kwa mng'ao. Iwapo wenzangu watapata neno lililo bora kuliko mbiu, nitafurahi kulisoma katika kurasa hizi, na kulipeleka Singida.