Tikiti hukatwa kabla ya filamu kutazamwa: Kisa cha The Iron Giant

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea majuzi rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yake. Anatafiti filamu za uhuishaji na namna zinavyomsawiri mtoto anayejifunza lugha. Katika ukurasa wa tatu kaandika hivi kuhusu The Iron Giant ya mwaka wa 1999: "Filamu hii ilifeli." Nukta. Nikaizungushia sentensi hiyo wino mwekundu na kuuliza pembeni: ilifeli nini? Jibu alinipa akiwa amesimama mlangoni pa afisi yangu, mkoba begani: "Lakini Prof, nambari hazidanganyi."

Kweli, hazidanganyi. Hebu basi tuziangalie.

Filamu hiyo ilitengenezwa na studio ya Warner Bros. na mwelekezi wake ni Brad Bird. Iliingia katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 6 Agosti 1999. Wikendi ya kwanza ilikusanya takriban dola milioni 5.7, na kufikia mwisho wa mzunguko wake nchini humo ilikuwa imepata kama dola milioni 23. Gharama ya kuitengeneza hutajwa kuanzia dola milioni 50 kwenda juu. Tena msomaji asidhani kwamba hizo milioni 23 zote zilirudi kwa studio. Karibu nusu ya pesa za tikiti hubaki kwa wenye kumbi, na ndiyo maana filamu iliyokusanya kiasi kilekile ilichogharimu huwa bado imo kwenye hasara, kabla hata ya kuhesabu matangazo. Kwa hesabu ya duka, kijana yuko sahihi.

Sasa tuwaulize walioitazama. Wahakiki wa Marekani waliisifu tangu wiki ya kwanza. Katika tuzo za Annie, ambazo hutolewa mahususi kwa kazi za uhuishaji, ilizoa tuzo tisa. Baadaye kanda za video na runinga ziliifikisha kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamewapeleka sinema, na watoto hao walipokua waliendelea kuitaja. Mwaka wa 2015 ilirudishwa kwenye kumbi ikiwa na mandhari ya ziada. Ni filamu ngapi "zilizofeli" huitwa tena ukumbini baada ya miaka kumi na sita?

Kwa asiyeifahamu, hadithi yenyewe imewekwa mwaka wa 1957 katika mji wa kubuni wa Rockwell, jimbo la Maine. Setilaiti ya Warusi, Sputnik, imo angani, na Wamarekani wana hofu. Shuleni watoto wanaonyeshwa jinsi ya kujificha chini ya dawati bomu la atomiki likidondoka, kana kwamba ubao wa dawati ungewafaa kitu. Kijana Hogarth anakutana msituni na jitu la chuma lililoanguka kutoka angani, jitu linalokula vyuma na lililosahau lilikotoka. Jitu hilo halina lugha, hivyo Hogarth analifunza. Analionyesha jiwe na kulitaja, analionyesha mti na kuutaja, nalo linarudia kwa sauti nzito inayokwaruza. Mimi niliyefundisha isimu miaka mingi sijaona filamu nyingine inayoonyesha kwa uangalifu hivyo jinsi neno la kwanza linavyozaliwa kati ya viumbe wawili wanaoaminiana. Baadaye linajifunza maneno mazito zaidi: kufa, bunduki, roho. Hapo ndipo tunapotambua kwamba jitu lenyewe ni silaha. Bird aliwaeleza wakubwa wa studio wazo lake kwa swali: je, ikiwa bunduki ina roho na haitaki kuwa bunduki?

Sisemi kwamba haina dosari. Kent Mansley, wakala wa serikali anayelisaka jitu hilo, ni mhusika bapa. Kazi yake ni kupiga kelele na kuogopa, na filamu inayomruhusu jitu wa chuma kubadilika ingempa angaa binadamu huyo nafasi ya kusitasita mara moja. Lakini dosari hiyo haikumfukuza mtu ukumbini. Waliokosa kuja hawakujua lolote kumhusu Mansley.

Na hapa ndipo mwanafunzi wangu alipoteleza. Mtu hukata tikiti kabla hajaitazama filamu. Mauzo ya wikendi ya kwanza, ambayo ndiyo huamua filamu ibaki ukumbini au iondolewe, hayapimi filamu hata kidogo. Hupima ahadi: bango, tangazo, jina, na kile mzazi anachodhani anakwenda kukiona. Mapenzi huja baadaye, mtu akishatazama, akarudi nyumbani, akamwambia jirani. Huchukua muda, na mwenye ukumbi hana muda. Siku ileile ya Agosti ilitoka pia The Sixth Sense, ambayo wikendi hiyo ilipata zaidi ya dola milioni 26 na kushika nafasi ya kwanza kwa wiki tano mfululizo. Mwenye ukumbi alimpa nani skrini zake? Jirani alipokuja kuambiwa kuhusu jitu la Rockwell, jitu lenyewe lilikuwa limeshaondoka.

Ahadi ya The Iron Giant ilikuwa duni, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka wa 1994 Disney walitoa The Lion King, ile iliyojaa maneno yetu: Simba, Rafiki, Shenzi, na yule ngiri Pumbaa, ambaye walimtafutia kitenzi kinachomfaa kabisa. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 300 nchini Marekani pekee. Kila studio ikataka yake, na kielelezo kikawa hicho: nyimbo, wanyama wanaosema, vichekesho pembeni. Warner walijaribu na Quest for Camelot mwaka wa 1998, yenye nyimbo na joka la vichwa viwili, wakapata hasara. Walipochomeka hivyo wakapoteza hamu na uhuishaji, na filamu ya Bird ikatengenezwa katika nyumba ambayo mwenyewe alishaanza kuzima taa. Kupuuzwa huko kulimpa Bird uhuru wa kutoweka nyimbo wala mnyama asemaye, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekuwa akimchungulia kila siku. Ila kupuuzwa kukukuhaohako ndiko kulikoifanya studio ifikie tarehe ya uzinduzi bila maandalizi ya kutosha ya vinyago madukani wala ya mikahawa ya chipsi kuitangaza. Mwandishi wa mswada, Tim McCanlies, amewahi kulalamika kwamba maandalizi ya aina hiyo huhitaji mwaka mzima, nao walipewa miezi.

Mashabiki wengi huishia hapo: lawama zote kwa idara ya matangazo. Mimi siishii hapo. Nadhani filamu hii ni ngumu kuitangaza kwa asili yake, na tatizo ni la kilugha. Tarzan ya kiangazi hichohicho ilijitangaza kwa neno moja ambalo kila Mmarekani alikuwa nalo mdomoni. Hili jitu lilitokana na kitabu cha mshairi Mwingereza Ted Hughes cha mwaka wa 1968, The Iron Man, kilichojulikana sana na watoto wa Uingereza kuliko wale wa Marekani. Ungeiitaje kwa mzazi wa Ohio? Ya watoto? Ina vita baridi, kombora la nyuklia na kifo cha paa msituni. Ya watu wazima? Mbona imechorwa? Lugha ya soko haikuwa na kisanduku cha kuitia, na kitu kisicho na jina hakiagizwi dukani.

Sisi nasi tunao ugonjwa huo. Ukisema "katuni" au "vibonzo", mtu mzima hunyanyuka na kumwachia mtoto rimoti. Ndiyo maana nashikilia istilahi "uhuishaji", ingawa wapo wanaoilalamikia kuwa ni ya darasani. Inatokana na "huisha", kukifanya kitu kiwe hai, kitenzi kilekile tunachokitumia kwa leseni na mkataba uliokwisha muda. Haidokezi umri wa mtazamaji.

Nilimpa kijana wangu asome tena mhadhara wa Hans Robert Jauss wa mwaka wa 1967 kuhusu upeo wa matarajio. Jauss anatoa mfano wa Ufaransa: Madame Bovary ya Flaubert ilipotoka mwaka wa 1857, riwaya ya Feydeau iitwayo Fanny, yenye maudhui yanayokaribiana nayo, iliishinda sokoni na kuchapishwa mara 13 katika mwaka mmoja. Ile iliyokutana na matarajio ya wasomaji ndiyo iliyonunuliwa. Ile nyingine ilibidi kwanza iwafunze wasomaji namna ya kuisoma. Nani leo anaisoma Fanny?

Lakini niongeze tahadhari, kwa sababu mashabiki hupenda mno mfano huo. Si kila kisichouzwa ni Flaubert. Quest for Camelot haikuuzwa pia, na sijasikia mtu akiililia. Wakati mwingine, tena, sababu haihusu matarajio wala sanaa: Pinocchio ya Disney ilipata hasara mwaka wa 1940 kwa vile vita vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya, na ikajirudishia pesa zake ilipoonyeshwa tena miaka ya baadaye. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kila mara ni nini hasa kilichokosekana.

Linaloniudhi ni jinsi hukumu ya wikendi moja inavyogeuzwa kuwa sera. Baada ya filamu hii kuanguka, mkubwa mmoja wa studio alinukuliwa akisema kwamba watu huwataka watengeneze filamu za familia zenye akili, na kila wakifanya hivyo wanachinjwa. Sikubaliani naye. Kilichochinjwa ni filamu ambayo hakuna aliyejua imetoka. Bird mwenyewe alihamia Pixar, akatengeneza The Incredibles mwaka wa 2004, filamu ya familia yenye akili, nayo kumbi zikajaa.

Jumatatu rasimu ilirudi. Sentensi sasa inasema kwamba The Iron Giant "ilikosa watazamaji wa kutosha katika kumbi za sinema za Marekani mwaka wa 1999", na imefuatwa na aya nzima ya sababu. Nimeipitisha. Ila katika sura ya tatu kaandika kwamba filamu nyingine "ilitia fora", na ushahidi aliouleta ni mauzo ya wikendi ya kwanza. Kalamu nyekundu bado ninayo.