Wimbo Vitani ni Silaha ya Nani?

Wapo makada wanaodhani kuwa propaganda ya nyimbo ni kazi nyepesi. Itafutwe bendi inayopendwa, mtunzi apewe maneno yaliyokwisha kupitishwa, redio ifunguliwe, basi, kazi imekwisha. Dhana hiyo ina hatari, kwa sababu inamfanya msikilizaji kuwa debe tupu la kumiminiwa chochote. Ili kuipima tumechagua mfano wa adui mkubwa wa wanadamu, yaani Unazi wa Ujerumani, ambao ulikuwa na fedha, mitambo na wanamuziki hodari, na hata hivyo ukashindwa mahali ambapo ulijiona bingwa.

Mwaka 1935 redio ya Wanazi ilipiga marufuku jazi. Walisema ni muziki wa watu weusi na Wayahudi, nao kwa itikadi yao hao hawakuwa watu kamili. Lakini mwaka 1940 Wizara ya Propaganda ya Goebbels iliunda bendi ya kupiga muziki huo huo. Iliongozwa na Lutz Templin, mwimbaji wake akiwa Karl Schwedler, aliyejulikana kwa jina la "Charlie". Bendi ilirushwa hewani kwa Kiingereza ili isikilizwe Uingereza. Wananchi wa Ujerumani wenyewe hawakukusudiwa kuusikia. Tabaka tawala lilikula kwa siri chakula kile kile lilichokiita sumu mbele ya umma.

Mbinu yenyewe ilikuwa moja tu. Ubeti wa kwanza uliimbwa kama ulivyotungwa, ili msikilizaji akae vizuri kitini. Kisha maneno yakageuzwa: Churchill akatukanwa, Roosevelt akakejeliwa, Wayahudi wakasingiziwa kuanzisha vita. "St. Louis Blues" wa W. C. Handy, Mmarekani mweusi, ukafanywa wimbo wa kuwacheka watu wa London waliokaa gizani wakingoja mabomu. Wimbo wa Irving Berlin, Myahudi, nao ukatiwa maneno ya kushangilia mabomu hayo hayo.

Tukizihukumu nyimbo hizi kama kazi ya sanaa, hatuna budi kukiri kwamba upigaji wake haukuwa mbaya. Tarumbeta zinalia sawasawa, mwendo unachezeka. Kasoro iko pale ubeti wa pili unapoanza. Sauti inayocheka haibadiliki, ila inachokicheka ni mtoto aliyefukiwa na kifusi cha nyumba yao. Wimbo wa dansi unamwalika mtu aingie uwanjani pamoja na wengine. Huu ulimwalika kisha ukamtemea mate. Mfanyakazi wa London ambaye usiku uliopita alikuwa akizima moto mtaani kwake angeshawishika na nini hapo? Alipenda muziki, akacheka upuuzi wa maneno, asubuhi akaenda kiwandani.

Na wakati Schwedler akiimba kwa mshahara, katika kambi ya Theresienstadt wafungwa wa Kiyahudi walikuwa na bendi yao ya jazi, Ghetto Swingers. Mwaka 1944 Wanazi waliitia bendi hiyo katika filamu ya kuudanganya ulimwengu kwamba kambi ni mahali pa raha. Kurt Gerron, mfungwa aliyelazimishwa kuiongoza filamu, aliuawa Auschwitz mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mpiga gitaa Coco Schumann alipelekwa huko pia, akapona, akaendelea kupiga muziki miaka mingi baada ya vita. Hapa hatuna la kuongeza.

Sasa tutazame wimbo ambao haukuagizwa na mtu. "Lili Marleen" ulirekodiwa na Lale Andersen mwaka 1939, na mwanzoni santuri yake haikununuliwa sana. Mwaka 1941 redio ya jeshi la Ujerumani iliyokuwa Belgrade ilianza kuupiga kila usiku, na askari wakaudai usikose. Unamhusu askari, mwanamke na taa ya lango la kambi. Ushindi haumo, wala Führer hamo. Goebbels aliuchukia kwa sababu hiyo, na mwaka 1942 Andersen alizuiwa kuimba hadharani. Lakini ulikuwa umekwisha kuvuka mstari wa mbele: askari wa Uingereza jangwani Afrika Kaskazini waliusikiliza pia, wakauchukua. Askari wa pande zote mbili walitambua hali yao ndani yake, hali ambayo majemadari hawakutaka itajwe.

Mabeberu wa upande wa pili walijifunza upesi. Mwaka 1944 Marlene Dietrich, Mjerumani aliyeukana Unazi, aliwarekodia majasusi wa Marekani nyimbo kwa Kijerumani. Glenn Miller naye alirekodi London vipindi vya kuwaambia Wajerumani habari za uhuru. Walikuwa upande wa haki katika vita ile, hilo halina ubishi. Lakini uhuru huo ulitangazwa kwa muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi, ukapigwa na bendi ya weupe watupu, katika jeshi lililowatenga askari kwa rangi. Truman alitoa amri ya kukomesha utengano huo mwaka 1948.

Kwetu, wakoloni walikuwa na wimbo wa gwaride wa KEYA, "Funga Safari". Askari aliimba akiuliza amri ni ya nani, akajijibu mwenyewe kwamba ni ya wakubwa wake. Ni wimbo mtamu mdomoni, na ndiyo sababu umedumu. Lakini swali la pili, safari ni ya faida ya nani, halimo.

Vita vya Kagera vilikuwa tofauti. Majeshi ya Amin yalivamia mwezi Oktoba 1978, wananchi wakahama makwao, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akaeleza taifa uwezo, sababu na nia. Bendi zilipopanda jukwaani sababu ilikuwa imekwisha kujulikana kijijini. Hazikuitengeneza, ziliitia mdundo. Kwa hiyo nguvu ya nyimbo za wakati ule tusiwape wasimamizi wa studio peke yao. Tena kumtukana dikteta ni kazi rahisi, kila mtunzi aliiweza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na baada yake wananchi wakaombwa kufunga mikanda miezi 18. Wimbo wa kumweleza mkulima kwa nini sabuni imeadimika, bila kumdanganya na bila kumvunja moyo, ni mgumu zaidi kutunga. Ni mgumu zaidi pia kupita mbele ya kamati ya kukagua mashairi. Wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti waanzie kwenye maktaba ya santuri na kanda za redio ya taifa, wahesabu nyimbo za aina hiyo zilizopita, na wawaulize watunzi wazee ni zipi zilizorudishwa.