Kufunga, Sensa na Kosa: Maneno Matatu katika Mwongozo wa Mafundi wa Magari

Mwongozo wa mafundi wa magari uliotafsiriwa kutoka Kiingereza umetufikia mezani, nasi tumeisoma kwa makini sura yake ihusuyo hitilafu za umeme zinazojitokeza baada ya kubadilishwa habu ya gurudumu pamoja na kihisi chake. Sarufi yake haina dosari kubwa. Walakini, fundi atakayeufuata neno kwa neno aweza kumrudishia mwenye gari chombo ambacho taa yake ya tahadhari ingali ikiwaka.

Tuanze na jina la mfumo wenyewe, ambao kampuni ya Bosch iliutoa katika umbo lake la kielektroniki mwaka 1978. Mfasiri auita "breki za kuzuia kufunga". Lakini kwa madereva wetu, kufunga breki ni kukanyaga breki ili gari lisimame. Basi msomaji ataelewa kwamba hizi ni breki zinazomzuia dereva asifunge breki! Kinachozuiwa hasa ni gurudumu kukwama lisizunguke, ilhali gari lingali likiserereka. Twapendekeza "mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama". Ni jina refu, lakini halidanganyi.

Neno "sensa" nalo tunalikataa. Kwa Watanzania, sensa ni ile hesabu ya watu, kama iliyofanyika mwaka 2022. Ni kweli kwamba kifaa hiki nacho huhesabu kwa namna yake, maana hutambua meno ya chuma au ncha za sumaku zipitazo mbele yake, na kompyuta ya gari ikapata mwendo wa kila gurudumu. Hata hivyo "kihisi" limekwisha kuzoeleka, na halimchanganyi mtu. Kuhusu "habu" hatuna ugomvi. Mafundi na wauza vipuri wanalo, na "kitovu" laweza kuwekwa kando yake kwa ajili ya wanafunzi.

Jambo zito zaidi ni beringi. Katika magari mengi ya siku hizi beringi ya gurudumu ina pete ya sumaku upande mmoja, na upande huo sharti uelekee kihisi. Mfasiri ataja "kisimbaji" mara moja tu, bila maelezo, kisha afikapo kwenye hatua ya kuiingiza beringi aandika "sili itazame ndani". Sili ya kuzuia vumbi ipo pande zote mbili! Beringi ikishindiliwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri kabisa, lakini kihisi hakitapata ishara yoyote. Kompyuta itaona magurudumu matatu yakienda na la nne limesimama. Itauzima mfumo na kuwasha taa ya manjano. Breki za kawaida zitashika, ila penye utelezi dereva hatakuwa na msaada aliodhani anao. Na kuing'oa beringi iliyokwisha kushindiliwa mara nyingi ni kuiharibu, hivyo yabidi inunuliwe nyingine. "Pete ya sumaku" ingalitosha, pamoja na kueleza kwamba klipu ya karatasi ikigusishwa upande huo huvutwa kidogo.

Mwisho ni "futa kosa". Kosa hutendwa na mtu. Gari huwa na hitilafu. Tena kinachofutwa kwa chombo cha kupimia si hitilafu bali msimbo, yaani kumbukumbu yake tu. Fundi mgeni akisoma "futa kosa" ataufuta msimbo, taa itazimika, naye ataliachia gari. Likitembea kidogo, taa yawaka tena. Iandikwe: "Ondoa hitilafu, kisha futa msimbo wake."

Haki itendeke pia: kurasa za nyaya ni nzuri sana. "Waya uliochunika", "plagi iliyoingia maji", "uchafu wa chuma ulionata kwenye kihisi", yote hayo ni maneno ya karakana, na twadhani mfasiri alikaa na fundi alipoyaandika. Twamwomba mchapishaji airekebishe sura ya beringi kwa njia hiyo hiyo kabla ya toleo la pili.