Bili Huwekwa Mbele ya Nani?

Fungua simu yako saa hii utafute mahali pa kumpeleka mpenzi wako wikendi ya anivasari hapa Nairobi. Utaletewa orodha. Na orodha zote, wallahi, ni kama zimeandikwa na mtu mmoja anayelipwa kwa idadi ya mishumaa. Karen, Westlands, Gigiri, Kilimani. Mshumaa, ukuta wa majani ya plastiki, kiti cha kubembea, taa za rangi ya asali. Chakula kinatajwa mwishoni, mara nyingi kwa neno moja tu: kitamu. Hakuna anayekwambia kama muziki utawaacha msikizane, kama meza ya jirani iko karibu kiasi cha kuwafanya muongee kwa kunong'ona, au kama mnaweza kukaa masaa matatu bila mhudumu kuanza kupangusa meza ambayo tayari ni safi.

Mimi nasema hizo orodha ni uhakiki, ila ni uhakiki mbovu. Zinahukumu mkahawa kama picha. Na ukiangalia vizuri, picha za deti karibu zote zina mtu mmoja. Yule mwingine hayupo kwa sababu ndiye ameshika simu. Mahali palipopewa nyota tano kwa uzuri wa picha ni mahali ambapo nusu ya wapendanao walikuwa kazini.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nikaenda kuhudumu kwenye mkahawa mmoja ambao sitautaja. Miezi tisa. Pale nilijifunza mambo ambayo orodha haziandiki. Meza ya wawili haipendwi. Kundi la watu sita linaagiza vinywaji, linaagiza tena, linasahau kuhesabu. Wawili wanagawana kitindamlo kimoja na kuangaliana. Kwa hivyo meza za wawili zinapangwa pale panapobaki: karibu na choo, karibu na mlango wa jikoni, kwenye kona ambayo upepo unaingilia. Mshumaa unawekwa ili msione hayo. Na siku ya wapendanao, Februari, menyu inakatwa inabaki vyakula vichache vya bei moja kwa kichwa, kwa sababu jikoni haiwezi kumudu wapendanao themanini wanaotaka vitu themanini tofauti. Hiyo ni hesabu tu, sina ubaya nayo. Shida ni vile tunauziwa hesabu hiyo kama mahaba.

Jambo la pili nililoliona ni folda. Ile nyeusi ya kuwekea bili. Hakuna aliyetufundisha pa kuiweka, na hakuna kanuni iliyobandikwa jikoni, lakini kila mhudumu mgeni alijua siku ya kwanza: iko mwanamume mezani, folda inatua mbele yake.

Mwaka huu folda hiyo inanihusu. Wikendi ijayo tunafikisha miaka mitatu mimi na mwenzangu. Mkataba wake wa kazi uliisha Machi na haukuongezwa. Mimi naandika: nalipwa kwa makala, na makala zinalipwa zikitaka. Sasa hivi zimetaka, kwa hivyo nina elfu kumi na nne za kutumia Ijumaa hadi Jumapili, zote zangu. Yeye si mtu wa maneno mengi. Lakini mwezi uliopita, kwenye mkahawa fulani Westlands, nilichukua folda nikatoa kadi, na yule mhudumu akaileta mashine, akaielekeza kwake. Nikasema, ni mimi. Mhudumu akamwangalia yeye kwanza, kama anayeomba ruhusa. Tukacheka, tukatoka. Kwenye matatu ndipo akaniambia, "Mimi sina shida na wewe kulipa. Shida ni ule mse kuniangalia nikiwa silipi."

Marafiki wangu wote wana suluhisho moja: mtumie hizo doo kwa M-Pesa kabla hamjafika, alipe yeye. Wanawake wengi sana wa jiji hili wanafanya hivyo, na mama zetu walikuwa wakipitisha noti chini ya meza kabla hata M-Pesa haijazaliwa 2007. Mimi sitaki. Anivasari ni siku ya kuonana vile mlivyo. Nikilazimika kuigiza ili mtu baki mwenye aproni asituhukumu, basi nimemlipa huyo mtu baki ili awe wa tatu mezani.

Kwa hivyo nimechagua mahali kwa kipimo kingine. Nauliza kama sahani ni moja au mbili, na pesa zinatokaje. Mishumaa nimeacha.

Ijumaa ni Ethiopia. Nairobi ina bahati ya kuwa na mikahawa mingi ya Kihabeshi, kuanzia Eastleigh, ambapo ni chakula cha mtaa kabisa, hadi Habesha ya Argwings Kodhek, ambapo unaweza kuketi nje. Na Ijumaa ndiyo siku yenyewe, kwa sababu Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga nyama na maziwa Jumatano na Ijumaa. Chakula cha mfungo kinaitwa beyaynetu: injera moja pana ya unga wa tefu, chachu yake ikikuuma kidogo ulimini, na juu yake vilima vya dengu, njegere, kabeji, sukuma, viazi, kila kilima na rangi yake. Hakuna nyama, kwa hivyo bei haikuogofyi. Ni ajabu kuanza sherehe na chakula cha toba, lakini sijaona sahani yenye sherehe zaidi.

Ila sababu hasa ya kwenda ni kwamba kitambaa cha meza na chakula ni kitu kimoja. Mnakula kutoka pande mbili mkielekea katikati. Hakuna anayeweza kukimbilia simu, vidole viko kwenye dengu. Na wana desturi ya gursha: unakunja tonge, unamlisha mwenzako kwa mkono wako, na tonge likiwa kubwa ndivyo mapenzi yalivyo makubwa. Mara ya kwanza unaona haya. Kwetu Murang'a mtu mzima analishwa akiwa mgonjwa au akiwa bibi harusi mwenye keki. Lakini linganisha na mkahawa wa mshumaa, ambapo kila mtu ana kisu chake na uma wake na mpaka wake, na kuonja sahani ya mwenzako kunaanza na "samahani". Watu wa pwani walilijua hili kitambo: pilau inaliwa kwenye sinia, na sinia halina upande wa mgeni wala wa mwenyeji.

Kisha kahawa. Usiondoke kabla ya kahawa ikiwa wanaiandaa kwa utaratibu wake wote: buni inakaangwa, inasagwa, inachemshwa kwenye jebena, na kikombe kinarudi mara tatu. Cha kwanza abol, cha pili tona, cha tatu baraka. Ndiyo, baraka, neno ni lile lile letu, wote tumelitoa Uarabuni. Duru hizo tatu zinawapa muda bila kuuomba. Hakuna mtu wa kuwapangusia meza wakati kikombe cha tatu hakijafika.

Jumamosi mchana ni Kenyatta Market. Najua. Hakuna orodha ya wapendanao itakayokupeleka Kenyatta Market, na ukipita pale ndani utaelewa: upande mmoja nyama, upande mwingine wasusi, na wote wanakuita kwa sauti moja. "Sista, kusuka?" "Boss, nyama iko!" Mwanamke anavutwa kwenye rasta, mwanamume anavutwa kwenye mbavu. Mkifaulu kupita bila kutenganishwa, uhusiano wenu una mifupa.

Lakini angalia namna unavyonunua. Mnasimama wote wawili mbele ya mbuzi aliyening'inia. Mnabishana na muuzaji kuhusu kipande. Mwenzangu anataka mbavu, mimi nataka paja, tunakubaliana kilo moja mchanganyiko. Nyama inapimwa mkiangalia mzani. Inaenda motoni, mnasubiri, na huko kusubiri ndiko deti yenyewe: saa nzima ya stori mkiwa na soda mbili na njaa. Kisha ubao unakuja, jamaa anakatakata mbele yenu, anaacha kilima cha chumvi pembeni, kachumbari, ugali. Birika na beseni vinakuja kunawisha mikono, na anayenawisha hamwanzi mwanamume wala mwanamke, anaanza na aliye karibu. Kulipa? Namba ya till imebandikwa ukutani. Anayelipa analipa. Simu inalia tii, mwenye duka anasema asante kastoma bila kuinua macho kutoka kwenye kisu. Hakuna folda. Sijawahi kuona mkahawa wa Karen ulio na adabu ya kiwango hicho.

Jumamosi usiku ndipo nimesumbuka, kwa sababu mwenzangu alipendekeza Carnivore. Kila mtoto wa Nairobi aliyepita pale Lang'ata Road akiwa kwenye basi la shule aliahidiwa na mtu kwamba siku moja ataenda. Ilifunguliwa 1980, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa nyama za porini, mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo 2004. Siku hizi wa ajabu waliobaki ni mamba na mbuni, wengine ni wale wale wa Kenyatta Market wamechomekwa kwenye simi. Sitaki kuidharau. Lile jiko la mkaa lililo kama uwanja ni kitu cha kuona, na kuna ucheshi halisi katika kile kibendera cheupe mezani: nyama inaendelea kuja hadi mkilaze, yaani mpaka msalimu amri. Lakini fikiria mpango wenyewe. Bei ni ya kichwa, kwa hivyo kila mtu anapigania thamani ya kichwa chake. Mwenye simi anafika katikati ya sentensi. Ulikuwa unasema kitu muhimu, na sasa unaulizwa kama unataka korodani za ng'ombe. Ni mahali pazuri pa kumpeleka mjomba aliyetoka ng'ambo, au kikosi cha mpira. Wawili wanaotaka kuongea watapata vita. Nilipomwambia hivyo mwenzangu alinijibu kwamba pengine ndiyo sababu anapataka: kuna wakati mtu asiye na kazi anachoka kuongea. Hapo nilinyamaza, nikaandika Carnivore na alama ya kuuliza.

Na haki lazima itendeke kwa meza ya kitambaa cheupe pia. Nimeikosoa, lakini mimi ni mtoto wa mwanamke ambaye kwa miaka ishirini hajala chakula kikiwa moto, kwa sababu alikuwa anapakulia wengine. Mtu kama huyo ukimwambia raha iko kwenye kuchagua mbuzi akiwa amesimama, atakuuliza kama wewe ni mzima. Kuketi, kuletewa, kuondolewa sahani, kuulizwa kama maji ni baridi ya kutosha: hiyo ni huduma ya kweli na inastahili pesa. Ukienda huko, soma chini kabisa ya menyu, kwenye herufi ndogo kama siafu, ujue kama bei tayari ina VAT ya asilimia 16 na ushuru wa upishi wa asilimia 2, na kama kuna ada ya huduma inayokungoja mlangoni. Usishtuke kwamba menyu yenyewe haijui Kiswahili isipokuwa maneno manne: karibu, dawa, kachumbari na ugali. Sukuma wiki ikiingia humo inavuliwa jina, inavishwa la Kizungu, na mama mboga wako hawezi kuitambua hata kwa bei.

Kitu kimoja ningeomba kwa wenye mikahawa hiyo, na hakiwagharimu hata shilingi: wekeni folda katikati ya meza. Sentimita thelathini tu kutoka pale mnapoiweka sasa.

Jumapili haikuwa na mjadala. Ni samaki. Mwenzangu ni wa Homa Bay, na nyanya yangu wa Murang'a aliaga dunia bila kuonja samaki, kama wazee wengi wa Kikuyu wa rika lake. Mimi nilifundishwa kutoa miba na huyu mtu, mwaka wetu wa kwanza, kwa ulimi na subira. Kwa hivyo tuko kati ya K'Osewe pale mjini na Mama Oliech pale Kilimani, ambapo Mark Zuckerberg alikula 2016 na kuwapa Wanairobi stori ya kuwasimulia wageni mpaka leo. Nadhani tutaenda Kilimani. Tutaagiza ngege mmoja mkubwa badala ya wawili wadogo, ugali, mboga za kienyeji. Mtu mwenye mafuta ya samaki hadi kwenye kiwiko hanyakui folda haraka, iwekwe mbele ya nani. Mkia ni wangu, hilo lilishaamuliwa. Tumbo tunagawana. Kuhusu kichwa bado tunabishana.