"Hesi ya Kushoto" ni ya Upande Gani?

Imefika mezani petu rasimu ya istilahi za ukarabati wa baiskeli za kale, iliyokusudiwa mafundi wanaofufua fremu za chuma za Raleigh na nyinginezo zilizoundwa Uingereza. Mtungaji ameifanya kazi yake kwa bidii, na sehemu ya magurudumu twaipitisha bila neno. Mashaka yetu yako katika sura ya hesi, yaani ile mifereji ya mzunguko iliyochongwa katika skrubu, katika nati, au ndani ya bomba la fremu, ili chuma kimoja kikishike kingine.

Kwanza, mtungaji ameliacha neno hesi akaweka "uzi", kwa kuwa ndivyo Waingereza wasemavyo. Hatuoni sababu. Hesi ni neno letu la zamani. Skrubu yenyewe iliitwa "msumari wa hesi". Kwingine ametumia "meno". Katika mitambo mingine neno hilo lingevumilika, lakini baiskeli ina meno mengine, yale yanayovuta mnyororo, nayo pia hulika. Fundi akiambiwa kuwa meno ya upande wa pedeli yamelika, atengeneze yapi?

Hayo ni madogo. Kubwa ni "hesi ya kushoto". Ndani ya bomba fupi la chini la fremu, ambamo ekseli ya pedeli hupita, hukazwa vikombe viwili vya gololi, kimoja kila upande. Kwa kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia, yaani upande wa mnyororo, hukazwa kinyume cha mwendo wa saa, na cha kushoto hukazwa kwa kuufuata. Kwa hiyo iitwayo "hesi ya kushoto" iko kuliani mwa baiskeli! Rasimu inaagiza: "Legeza hesi ya kushoto kwa kufuata mwendo wa saa." Agizo ni sahihi, lakini msomaji atakwenda upande wa kushoto, atazungusha spana kama alivyoambiwa, na kumbe anakaza. Chuma kisipotoka atalaumu kutu, ataurefusha mpini wa spana kwa kipande cha bomba, na hesi iliyodumu tangu enzi za babu yake itang'oka. Katika pedeli mambo ni mengine: pedeli ya kushoto ndiyo yenye hesi ya namna hiyo, na labda hapo ndipo mtungaji alipopotea.

Twapendekeza hesi mfuatosaa na hesi kinyumesaa. Majina haya hayapendezi sana masikioni, twakiri, lakini yanataja mwendo wa mkono wa mwenye kukaza, akiwa ameelekea tundu, wala hayataji upande wa baiskeli.

Pili, rasimu inatumia "kukata hesi" kwa kazi mbili zisizofanana. Hesi iliyopondeka kidogo au kushikwa na kutu hupitishiwa kichongeo cha kipimo kile kile, kinachofuata mifereji ya zamani na kuisafisha. Hiyo twaiita kufufua hesi. Iliyong'oka kabisa haina cha kufuatwa. Hapo tundu hupanuliwa na kuchongwa hesi mpya, kwa mfano kutoka kipimo cha Kiingereza cha inchi 1.37 hadi cha Kiitalia cha milimita 36. Hiyo ni kuchonga upya. Tofauti hii si ya maneno tu. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilitumia kwa miaka mingi mizunguko 26 katika kila inchi, ilhali kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Fundi anayedhani anafufua, naye ameshika kichongeo cha 24, atakuwa anachonga upya juu ya mifereji ya 26 na kuiharibu. Tena kipimo cha Kiitalia ni mfuatosaa pande zote mbili, basi kikombe cha kulia hubadili jina baada ya matengenezo, na yafaa rasimu iseme hivyo waziwazi.

Twairudisha rasimu kwa mtungaji pamoja na shukrani. Twaomba pia mafundi watuandikie wanaiitaje ile pete inayobana kikombe cha kushoto kisilegee. Sisi tumeandika "pete ya kubania", na bado haijaturidhisha.