Kamba fupi na pipa lililofungwa: mbwa wa ghorofani analindwaje dhidi ya mbweha

Mnyama mwindaji aliyezoea kuishi pembezoni mwa makazi humwogopa binadamu kuliko anavyomwogopa mbwa. Hoja yangu yote imesimama hapo. Mbwa mdogo wa kufugwa hana meno wala mbio za kumwokoa. Kinga yake ni mtu aliye karibu naye. Kwa hiyo usalama wake unategemea mambo mawili: yuko mbali kiasi gani na mtu huyo, na kama mwindaji bado anamwogopa mtu. Jambo la kwanza linashughulikiwa na kamba, la pili linashughulikiwa na pipa la taka. Uzio, taa na fulana zenye miiba zina faida pale tu zinapoyatia nguvu mambo hayo mawili. Jumeirah Lake Towers, mtaa wa Dubai ambao wakazi wake huuita JLT, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa sababu ushauri mmoja unaorudiwa kila mahali hauwezi kufuatwa pale.

Ushauri huo umetoka Marekani, kwa watu wanaoishi na koyote, mnyama wa ukoo wa mbwa mwenye uzito wa kati ya kilo 10 na 20 hivi. Tangu mwaka 2000, mtafiti Stanley Gehrt na wenzake wamekuwa wakiwanasa koyote wa kaunti ya Cook, lilipo jiji la Chicago, wakiwavisha kola za redio na kuwafuatilia usiku kucha. Picha waliyoipata ni ya mnyama anayemkwepa binadamu kwa bidii: kadiri anavyoishi ndani zaidi ya jiji ndivyo anavyohamishia shughuli zake usiku. Uchunguzi wa vinyesi vyake, zaidi ya 1,400, ulionyesha kwamba chakula chake kikuu ni panya na jamii zake, huku paka wa kufugwa wakiwa chini ya asilimia 2. Koyote anayeshambulia mbwa, basi, si koyote wa kawaida anayefuata maisha yake. Mara nyingi ni yule aliyefundishwa na watu kwamba uani kuna chakula, au mzazi mwenye watoto shimoni anayemwona mbwa kama mshindani. Kutokana na hayo ukatoka ushauri wenye sehemu tatu: usimwache mbwa peke yake nje, usiache chakula nje, na usimtembeze alfajiri wala jioni.

Wapo wanaosema njia fupi ni kumwondoa mwindaji mwenyewe. Marekani imeijaribu njia hiyo kwa zaidi ya karne moja, kwa sumu, mitego na risasi, na koyote wanauawa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950 eneo wanaloishi limepanuka kwa angalau asilimia 40. Ukimwondoa mmoja, umeacha wazi himaya yenye chakula, na kijana asiye na himaya ataingia. Mgeni huyo hajui mipaka ya mtaa, hajui nyumba ipi ina mbwa mkali wala njia ipi ina watu. Naona hapa ndipo penye kosa kubwa la kiufundi: anaondolewa mnyama na kinabaki kile kilichomleta.

Turudi kwenye kamba. Wataalamu husisitiza urefu usiozidi mita 1.8, na huwakataza watu kutumia kamba zile zinazojikunjua na kujikunja zenyewe ndani ya mpini. Sababu yake iko wazi ukiangalia kinachotokea. Mwenye mbwa yuko kwenye simu, kamba imejikunjua mita tano, mbwa ameshapita kona ya kichaka. Kwa macho ya mnyama aliye upande wa pili wa kichaka, mbwa huyo hana mtu. Kamba fupi haimlindi kwa kumfunga, inamlinda kwa kumweka ndani ya duara la woga linalomzunguka binadamu. Ushahidi mzuri wa duara hilo unatoka kwetu. Richard Turere, akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu katika boma la wazazi wake upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliona kwamba simba hawakulisogelea zizi pale mtu alipotembea na tochi. Akafunga balbu zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, zikielekea nje, zikiendeshwa na betri iliyochajiwa kwa nguvu ya jua. Mwaka 2013 aliueleza uvumbuzi huo mbele ya dunia kwenye jukwaa la TED. Taa zile hazina nguvu yoyote dhidi ya simba, zinaiga tu mtu anayetembea. Na udhaifu wake unathibitisha hoja hiyohiyo: mnyama akijifunza kwamba nyuma ya mwanga hakuna mtu, mwanga unabaki pambo.

Sasa twende JLT. Minara zaidi ya 80 imepangwa katika makundi 26, kila kundi na herufi yake kuanzia A hadi Z, kandokando ya maziwa ya kuchimbwa. Mbele ipo Barabara ya Sheikh Zayed. Nyuma kuna Jumeirah Islands na Meadows, vitongoji vya nyumba zenye bustani na maji. Upande huohuo wa barabara upo Emirates Golf Club, uwanja uliofunguliwa mwaka 1988 ukiwa wa kwanza wa nyasi katika Ghuba. Koyote hawapo huku. Aliyepo Dubai ni mbweha mwekundu wa Arabuni, mwenye masikio makubwa, mwepesi, wa kilo tatu hivi, ambaye viwanja vya gofu na bustani zinazomwagiliwa vimempa maji, panya na ndege kwa wingi usiokuwepo jangwani. Naye hutoka usiku, jioni na alfajiri.

Hapo ndipo ushauri wa Marekani unapokwama. Kiangazi, joto la hewa likipita nyuzi 40, lami ya Dubai huweza kupita nyuzi 60. Weka nyuma ya kiganja chako juu yake. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, nyayo za mbwa zitaungua. Nchi yenyewe inapiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9 mchana, tangu Juni 15 hadi Septemba 15, na Waafrika Mashariki wengi wanaoajiriwa Dubai, wakiwemo wanaotembeza mbwa wa waajiri wao, wanaijua amri hiyo vizuri. Kwa hiyo mbwa wa JLT anashuka kwa lifti kabla ya jua kuchomoza na tena baada ya kuzama, saa zilezile za mbweha. Kuzibadilisha ni kumchoma. Mzigo wote wa usalama unaangukia nguzo mbili zilizobaki.

Nguzo ya kamba imeshikwa na sheria. Sheria ya Shirikisho Na. 22 ya mwaka 2016 inamtaka mwenye mbwa amtoe hadharani akiwa amefungwa kamba. Iliandikwa ili kuwalinda watu, lakini inamlinda mbwa pia. Muundo wa minara unaongeza kinga ambayo nyumba yenye ua haina: hakuna mlango wa nyuma ambao mbwa anafunguliwa akajisaidie peke yake usiku. Kila safari ya nje ina mtu.

Nguzo ya chakula ndiyo iliyolegea. Chini ya minara kuna migahawa mingi, na palipo na migahawa pana mapipa, mabaki na panya. Pia kuna watu wenye huruma wanaowawekea paka wa mtaani vyakula vikavu na maji kandokando ya vichaka. Sina sababu ya kuidharau huruma hiyo. Paka wa mtaani katika joto lile wanateseka kweli. Lakini sahani iliyoachwa usiku haichagui mlaji. Mbweha anayekula hapo kila siku, huku watu wakipita bila kumtisha, anapoteza woga ambao ndio kinga ya mbwa. Anayetaka kuwalisha paka awalishe mchana, asubiri wamalize, aondoe sahani.

Litaulizwa: mbweha wa kilo tatu atamfanya nini mbwa? Kwa mbwa mkubwa, hakuna la maana. Ila vyumba vya ghorofani hupendelea mbwa wadogo, wakiwemo wa kilo mbili au tatu. Na hatari kubwa ya mbweha haiko kwenye nguvu za taya. Katika nchi jirani ya Oman, mbweha mwekundu ndiye mbebaji mkuu wa kichaa cha mbwa porini, na mpaka wa jangwani haumzuii mnyama. Upele nao huhama kwa kugusana, au kwa mbwa kulalia palipolaliwa na mgonjwa. Ndiyo maana naihesabu chanjo ya kila mwaka, ambayo Manispaa ya Dubai inaidai pamoja na usajili na chipu ya utambulisho, kuwa sehemu ya ulinzi huu wala si karatasi za ofisini. Kamba ikishindwa, chanjo ndiyo inayobaki.

Wengine wanasema mbwa anayeishi kwenye kamba hana maisha. Ni kweli kwamba anahitaji kukimbia. Akimbie ndani ya uzio, mtu akiwepo, baada ya eneo kukaguliwa kwa tochi. Na ikitokea akakwaruzana na mbweha, manyoya huficha alama za meno: yapekue kwa vidole ukiwa umevaa glavu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo hata kama anaonekana mzima. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa dakika 15 na aende hospitali bila kusubiri dalili, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, tiba huwa imechelewa.